Mahindi Yaliyokataliwa Yanakwenda Wapi? Hatari za Sumukuvu katika Chakula cha Binadamu na cha Mifugo: Mtazamo kutoka Mpaka wa Horohoro

Ikisiri

Makala hii inafafanua hatari za kiafya zinazotokana na sumukuvu katika chakula cha binadamu na chakula cha mifugo, kwa kuutazama mpaka wa Horohoro, mkoani Tanga, kuwa ni mahali ambapo suala hilo hujitokeza waziwazi. Hoja kuu ni kwamba hatua nyingi tunazoziita za kujikinga, yaani kuchambua punje, kukoboa na kukataa shehena mpakani, haziiangamizi sumu bali huihamisha. Pale ambapo haijulikani sumu imehamia wapi, mlaji mmoja hulindwa kwa gharama ya mlaji mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni mtoto. Makala inaanza na dhana ya sumukuvu, inaeleza madhara yake mwilini, inafuata njia ya sumu kutoka kwenye punje hadi kwenye maziwa, kisha inajadili uwezo na udhaifu wa kipimo cha mpakani. Mwisho inatoa mapendekezo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha ya nchi hiyo ikitaka mahindi kutoka Tanzania na Uganda yazuiwe kuingia. Sababu iliyotolewa ni kwamba vipimo vya mahindi yaliyoingizwa kutoka nchi hizo vilikuwa vimeonyesha sumukuvu kwa viwango vinavyozidi kikomo cha usalama. Siku chache baadaye, tarehe 10 Machi, zuio liliondolewa na masharti yakawekwa: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Mjadala wa siku zile ulitawaliwa na biashara. Iliulizwa nani amemwonea nani, na jirani mwema hufanyaje. Maswali hayo yana uzito wake, kwa kuwa mkulima na msafirishaji huishi kwa mahindi hayo. Hata hivyo, swali moja la afya halikupata nafasi ya kutosha. Ikiwa shehena imepimwa na kuonekana ina sumu, na ikarudishwa ilikotoka, inakwenda kuliwa na nani?

Horohoro ni mahali panapofaa kuuliza swali hilo. Kituo hicho kipo katika Wilaya ya Mkinga, mwisho wa barabara ya kilomita 65 hivi inayotoka Tanga mjini. Upande wa pili ni Lunga Lunga, katika Kaunti ya Kwale, na barabara inaendelea hadi Mombasa. Wadigo wanaishi pande zote mbili za mstari huo, wanaoana, wanazikana, na wanakula ugali uleule. Hewa ya pwani ni ya joto na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, hali ambayo kuvu huipenda. Zaidi ya hayo, Tanga ni mkoa unaofahamika kwa ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo. Hivyo nafaka, chakula cha mifugo na maziwa hukutana katika eneo moja, na njia ya sumu inaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

2.0 Dhana ya Sumukuvu

Sumukuvu ni kemikali zenye sumu zinazotengenezwa na baadhi ya kuvu zinapoota juu ya mazao, shambani au ghalani. Kuvu ni kiumbe, na sumukuvu ni kemikali anayoitengeneza kiumbe huyo. Tofauti hii ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

Aina zinazohusu zaidi mlaji wa Afrika Mashariki ni mbili. Ya kwanza ni aflatoksini, inayotengenezwa hasa na Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus katika mahindi, karanga, mbegu za mafuta, makopa na mbata isiyokauka vizuri. Ina matawi makuu manne: B1, B2, G1 na G2. Herufi hizo zinatokana na rangi ya buluu au kijani inayoonekana sumu inapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. B1 ndiyo kali kuliko zote. Aina ya pili ni fumonisini, inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Fusarium, hasa Fusarium verticillioides, anayeishi ndani ya mmea wa mahindi tangu shambani. Zipo nyingine, kama okratoksini, zearalenoni na deoksinivalenoli, ambazo makala hii haitazijadili kwa kina.

Ni vema kukumbuka kwamba elimu ya aflatoksini ilianzia kwenye banda la mifugo. Mwaka 1960, nchini Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana, ukaitwa Ugonjwa X. Uchunguzi ulifuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na humo ikagunduliwa sumu ya Aspergillus flavus. Jina aflatoksini limeundwa kutokana na jina la kuvu huyo. Kwa maneno mengine, mnyama ndiye aliyetuonyesha sumu hii. Inashangaza basi kwamba, zaidi ya nusu karne baadaye, chakula cha mnyama bado ndicho mahali tunapopeleka nafaka tusiyoiamini.

Neno sumukuvu lenyewe ni neno zuri: ni fupi, linaeleweka, na limeenea kupitia kampeni za afya na kilimo. Lakini matumizi yake ya kila siku yana matatizo mawili ambayo mtafiti hana budi kuyaona. Kwanza, kwa kuwa neno linabeba kuvu ndani yake, msikilizaji hutafuta kuvu kwa macho. Akiona punje nyeupe isiyo na ukungu, huamini kuwa ni salama. Akiondoa ukungu kwa kupangusa au kuosha, huamini kuwa ameondoa na sumu. Ukweli ni kwamba kuvu anaweza kufa au kutoweka na sumu ikabaki. Haina rangi inayoonekana kwa mwanga wa kawaida, haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na hustahimili joto kubwa kuliko la sufuria ya ugali au la kuchemsha maziwa. Pili, katika mazungumzo ya kawaida sumukuvu imekuwa jina jingine la aflatoksini peke yake. Matokeo yake fumonisini husahauliwa, ingawa kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kimeiwekea kikomo chake, yaani miligramu 2 kwa kilo.

3.0 Madhara kwa Afya ya Binadamu

3.1 Madhara ya ghafla

Mtu anapokula aflatoksini nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika. Dalili huanza kama za maradhi mengi mengine: maumivu ya tumbo, kutapika, uchovu. Kisha macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba, na mgonjwa anaweza kufa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Tiba ni kumtunza mgonjwa na kukiondoa chakula kilichomdhuru.

Ukanda wetu umeyashuhudia haya. Mwaka 1981, huko Machakos, Kenya, watu 20 waliugua na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na wakafa 125. Sampuli za mahindi zilizochukuliwa katika masoko ya eneo hilo mwaka huo zilionyesha kuwa asilimia 55 zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Tanzania: katika mikoa ya Dodoma na Manyara walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 wakafariki. Miongoni mwa wilaya zilizoathirika ilikuwamo Kiteto, inayopakana na Kilindi ya mkoa wa Tanga. Kwa hiyo mkasa huo si habari ya mbali kwa msomaji wa Tanga.

3.2 Madhara ya muda mrefu

Vifo vya ghafla huandikwa magazetini, lakini madhara makubwa zaidi kwa idadi ya watu hutokana na kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka mingi. Aflatoksini B1 ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya mwili vinavyojaribu kuivunja huigeuza kuwa kemikali nyingine, kali zaidi, inayojifunga kwenye chembe za urithi. Mara nyingi huharibu jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli isijigawe ovyo. Mlinzi huyo akiharibika, mlango wa saratani ya ini hufunguka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aflatoksini katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Hatari hiyo hailingani kwa watu wote. Kwa mujibu wa tathmini ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, nguvu ya aflatoksini ya kusababisha saratani ya ini kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ni takribani mara 30 ya ile ya asiye navyo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo mwaka 2002. Kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakupata chanjo hiyo utotoni, nao ndio walio katika umri wa kulima, kubeba magunia na kulea.

3.3 Mtoto

Kikomo cha mikrogramu 10 huhesabiwa kwa kilo ya nafaka, si kwa mlaji. Hesabu ndogo inaonyesha maana yake. Mtu mzima mwenye kilo 60 akila gramu 400 za unga wenye mikrogramu 10 kwa kilo, hupata mikrogramu 4, sawa na nanogramu 67 hivi kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto mwenye kilo 10 akila gramu 100 tu za unga huohuo, hupata mikrogramu 1, sawa na nanogramu 100 kwa kila kilo ya mwili wake. Unga ni uleule na umefaulu kipimo kilekile, lakini aliyebeba mzigo mkubwa zaidi ni yule ambaye ini lake na kinga yake bado vinakua.

Kwa sababu hiyo watafiti wamechunguza uhusiano wa sumukuvu na udumavu. Utafiti uliofanywa Iringa, Tabora na Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto wadogo 166 waliokuwa wameanza kula vyakula vya nyongeza. Ulionyesha kwamba waliopata fumonisini nyingi zaidi walikuwa wafupi zaidi, ilhali uhusiano wa aflatoksini na ukuaji haukuwa wazi kiasi hicho. Matokeo hayo yanafaa kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu udumavu una vyanzo vingi. Hata hivyo yanatosha kutuonya kuhusu sumu ya pili ambayo lugha yetu ya kila siku imeisahau. Pia yanatutaka tuutazame upya uji wa lishe, ambao katika nyumba nyingi huchanganya mahindi na karanga, yaani mazao mawili yanayoshika sumukuvu kwa urahisi, na kumpa mtoto aliye katika umri wa hatari zaidi.

4.0 Njia ya Sumu: Kutoka Punje hadi Maziwa

Kila aliyekulia katika nyumba inayokula ugali anaijua kazi ya kuchambua mahindi. Ungo huwekwa mapajani, punje nzuri hubaki, na zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuliwa na wadudu huwekwa kando. Kazi hiyo ina faida kubwa kiafya, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hujikusanya katika punje chache mbovu. Lakini ukiuliza zile za kando ni za nini, jibu huwa jepesi: ni za kuku. Pengine huenda kwenye pombe ya kienyeji, ambapo uchachushaji unaweza kupunguza sumu lakini haumalizi.

Mashine ya kukoboa hufanya jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje kuliko kwenye wanga wa katikati. Kwa hiyo sembe huwa na sumu pungufu kuliko dona ya mahindi yaleyale, na kilichopungua kwenye sembe hukutwa kwenye pumba. Pumba hizo ndizo msingi wa chakula cha ng'ombe wa maziwa na kuku katika miji na vijiji vya Tanga, zikichanganywa na mashudu ya alizeti, ya pamba au ya nazi. Mashudu nayo hubeba tatizo lilelile: mafuta yanapokamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye makapi.

Mnyama huumia kwanza. Kuku anayekula aflatoksini hupungua ukuaji na mayai, na kinga yake hudhoofika, hata akichanjwa dhidi ya kideri mwili wake huenda usiitikie chanjo inavyopaswa. Mfugaji hulaumu chanjo, kumbe kosa limo kwenye gunia la pumba. Fumonisini huharibu mapafu ya nguruwe na ubongo wa farasi na punda. Ng'ombe hustahimili zaidi, na ustahimilivu wake ndio unaotudanganya. Anaendelea kusimama, kula na kukamuliwa, huku mwili wake ukiigeuza sehemu ya B1 kuwa aflatoksini M1 na kuitoa kwenye maziwa.

Kiasi kinachohamia kwenye maziwa kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya B1 iliyoliwa, na kinaweza kufika asilimia 6 kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi. Tuseme ng'ombe amekula kilo 4 za pumba zenye mikrogramu 100 za B1 kwa kilo. Amepata mikrogramu 400. Ikiwa asilimia 2 itahamia, maziwa ya siku hiyo yatabeba mikrogramu 8 za M1. Akitoa lita 10, kila lita itakuwa na mikrogramu 0.8. Kikomo cha Codex, mwongozo wa kimataifa wa usalama wa chakula, ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa. Kile cha Umoja wa Ulaya ni 0.05. Kuchemsha maziwa, ambako ni desturi njema dhidi ya vijidudu, hakuondoi M1. Jambo la kutia moyo ni kwamba M1 huonekana kwenye maziwa ndani ya saa 12 hadi 24 tangu ng'ombe ale sumu, na hutoweka ndani ya siku chache akibadilishiwa chakula. Yaani tatizo hili linatibika haraka, ilimradi lijulikane lipo.

Njia hiyohiyo imo ndani ya mwili wa mama. Tafiti za kaskazini mwa Tanzania zimeikuta M1 katika maziwa ya akina mama wanaonyonyesha. Hilo si hoja ya kuacha kunyonyesha, kwa kuwa faida za maziwa ya mama hazina mbadala. Ni hoja ya kusafisha chakula cha mama.

5.0 Kipimo cha Mpakani na Udhaifu Wake

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha mahindi: aflatoksini zote kwa pamoja zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, B1 isizidi 5, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Kwa upande wa Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Kiwango cha pamoja ni mafanikio, kwa kuwa punje inayopimwa Horohoro inapaswa kuhukumiwa kwa sheria ileile ikipimwa Lunga Lunga.

Hata hivyo kipimo kina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kitaalamu. Sumu haisambai sawasawa katika shehena. Kilo moja ya mahindi ina punje 3,000 hivi, na punje moja iliyooza vibaya inaweza kuwa na sumu nyingi ajabu. Tuseme punje moja ya gramu 0.3 ina mikrogramu 120 za aflatoksini, na nyingine zote ni safi. Kilo nzima itasomeka mikrogramu 120, yaani mara 12 ya kikomo. Mpimaji akichota kilo ya jirani isiyo na punje hiyo, atasoma sifuri. Katika lori la tani 30, kosa kubwa kuliko yote halitokei maabara bali kwenye bambo lililochota sampuli. Ndiyo maana mizigo ya aina moja inaweza kupata majibu mawili tofauti pande mbili za mpaka, na kila upande ukaamini kwamba mwenzake anasema uongo, ilhali wote wamesoma sawasawa walichokichota.

Udhaifu wa pili ni wa kijamii, na ndio kiini cha makala hii. Kipimo hujibu swali moja tu: shehena ipite au isipite? Hakijibu iende wapi. Mfanyabiashara aliyekataliwa ana deni, ana gharama ya lori, na ana mahindi yanayoonekana mazuri kwa macho. Mbele yake zipo njia nne: kuyauza katika soko la ndani, kuyachanganya na mahindi safi, kuyauza kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, au kujaribu njia za panya. Hakuna hata moja inayoiangamiza sumu, na zote zinairudisha kwa mlaji asiye na kipimo. Aidha, mfanyabiashara mwenye akili ya kawaida hujifunza kwamba kupima mapema hakumletei chochote ila hasara. Hivyo utaratibu uliowekwa kufichua sumu unaweza kumfundisha mtu kuificha.

Mgawanyo wa sheria huongeza ugumu. Chakula cha binadamu kiko chini ya mfumo wa viwango, wakati chakula cha mifugo kina sheria yake, Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, iliyo chini ya sekta ya mifugo. Mgawanyo huo una mantiki kiutawala. Lakini gunia la mahindi likikataliwa kuwa chakula cha binadamu na kugeuzwa chakula cha kuku, limetoka mkononi mwa msimamizi mmoja na halijafika mkononi mwa mwingine. Pengo hilo ndilo mlango ambao sumu hupitia.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, shehena iliyokataliwa iwe na hatima inayoandikwa. Cheti cha kukataliwa kioneshe kiwango kilichopimwa, na mzigo uelekezwe kulingana na kiwango hicho. Si kila mahindi yaliyovuka mikrogramu 10 lazima yateketezwe. Marekani, kwa mfano, huruhusu hadi mikrogramu 300 kwa kilo katika mahindi ya ng'ombe wa nyama walio katika hatua ya mwisho ya kunenepeshwa, lakini huweka 20 tu kwa ng'ombe wa maziwa. Kinachohitajika ni kutenganisha kwa dhati mnyama wa nyama na mnyama wa maziwa. Mahindi yaliyozidi viwango vyote yaangamizwe chini ya uangalizi, kwa fidia ya sehemu. Bila fidia, amri ya kuangamiza itatii karatasi tu.

Pili, pumba na mashudu vipimwe kabla ya nafaka kulaumiwa, na maziwa yapimwe M1 katika vituo vya kukusanyia. Maziwa hukusanya habari za mabanda mengi kwa pamoja. Kipimo kimoja cha tangi kinaweza kuonyesha kijiji chenye tatizo kwa gharama ndogo kuliko kupima kila gunia. Kwa muda mfupi, udongo maalumu wa bentonaiti unaochanganywa kwenye chakula cha mifugo hunasa aflatoksini tumboni na kupunguza M1. Hauwezi kuwa kibali cha kulisha mifugo nafaka mbovu.

Tatu, kazi kubwa ifanyike kabla ya lori. Mahindi yavunwe yanapokomaa, yasiachwe shambani yakinyeshewa. Yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, yapukuchuliwe bila kuvunjwa punje, na yakauke hadi asilimia 13.5. Mkulima asiye na mashine ya kupima unyevu anaweza kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa: chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia wadudu na kuvu, kwa sharti kwamba kilichotiwa ndani ni kikavu. Ipo pia Aflasafe, kuvu wa jamii ileile asiyetengeneza sumu, anayesambazwa shambani ili awashinde wenye sumu. Imesajiliwa Kenya na Tanzania. Serikali ya Tanzania, kupitia mradi wa TANIPAC uliofadhiliwa kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Afrika, imekwisha kuonyesha kwamba inalitambua tatizo hili. Ukanda wa pwani, wenye unyevu mwingi, unahitaji kupewa kipaumbele katika vifaa vya kukaushia.

Nne, chanjo ya homa ya ini aina ya B ihesabiwe kuwa sehemu ya mapambano dhidi ya sumukuvu, hasa kwa watu wazima wa maeneo yanayotegemea mahindi.

Tano, lugha ya elimu kwa umma irekebishwe. Wataalamu waendelee kulitumia neno sumukuvu, lakini kila mara waliambatanishe na maelezo mawili: haionekani, na haiishi kwa moto. Aidha, waitaje fumonisini kwa jina lake. Jambo lisilo na jina hupotea kwanza midomoni, kisha kwenye bajeti.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba sumukuvu huua kwa ghafla mara chache na kudhuru polepole kila siku. Kwamba mtoto hubeba mzigo mkubwa kuliko mtu mzima kwa unga uleule. Na kwamba chakula cha mifugo si shimo la kutupia sumu bali ni njia inayorudi mezani. Kuchambua, kukoboa na kupima mpakani ni hatua za lazima, lakini kila moja haijakamilika mpaka kilichotengwa kijulikane kilikoishia.

Lori linaporudishwa kutoka Horohoro, mlaji wa Mombasa amelindwa, na hilo ni haki yake. Lakini lori hilo halitoweki. Linarudi kwa barabara ileile ya kilomita 65, likipita Mkinga hadi Tanga, penye mashine za kukoboa, mabanda ya ng'ombe na vituo vya maziwa. Mtafiti, mkaguzi na mtunga sera wanaotaka kujua kama mpaka huo unalinda afya wasiishie kuhesabu malori yaliyopita na yaliyokataliwa. Walifuate moja lililokataliwa hadi lilikoshusha mzigo wake, na waangalie ni nani aliyekunywa uji na maziwa asubuhi iliyofuata.